Chungu cha Majivu

Jumbe arobaini na moja za Lusungu zilikuwa zimefutika, na aliyezifuta ni Mntambo, ingawa mkono uliozisogeza haukuwa wake. Hazikuwa na nakala popote. Kwenye kompyuta ya mama yake hazikuwepo, kwenye mnara wa kupokea hazikuwepo, na kule zilikotoka hakukuwa na wa kuulizwa, maana chombo alichopanda Lusungu kilikuwa kimeshaipita sayari ya Mshtarii na mitambo yake ya kusemea ilikuwa imezimwa mpaka kitakaporudi nyumbani. Kitarudi baada ya miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa na miaka sabini na moja.

Mntambo aliyajua haya yote kabla chai yake haijapoa.

Mama Atuganile Sanga alikuwa ameingia kwenye karakana yake pale Makambako asubuhi ya mvua ya kwanza ya Novemba, mabega yamelowa, kompyuta ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Aliishusha mezani taratibu, akaifungua kitenge, akaifuta kwa pindo la gauni lake kabla ya kujifuta uso.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama. Umebebaje mzigo wote huu? Si ungeniita nikaja."

"Bodaboda alitaka kuifunga kamba kule nyuma kama gunia la viazi. Nikamwambia hii haifungwi kamba, ina mtoto wangu humo." Akavuta kigoda, akaketi. "Baba, chungu chako hakina kitu. Leo mvua imeshuka, nikasema sasa ndiyo wakati, nikafungua. Kitupu. Nimekuja unionyeshe zimehamia wapi."

"Chungu kipi, mama?"

"Si kile ulichokichora wewe?"

Mntambo akaiwasha. Kule chini pembeni ya skrini kilikuwa kimekaa kichungu cheusi, mdomo wake umejaa majivu ya kijivu, na kamoshi kembamba ambako Mntambo alikahangaikia siku nzima mpaka kakakaa vizuri. Ilikuwa ikoni aliyojivunia kuliko zote. Ilikuwa ikoni ya kapu la taka.

Yeye alikuwa mtu wa Tanga mjini, Ngamiani, mtoto wa vyumba vya kupanga. Shule aliacha darasa la saba, na vingine vyote alivijua kwa mikono. Kazi yake ilitokana na serikali kuamua kila kaya iwe na kompyuta ya mezani, na kila cheti, barua na ujumbe upitie humo. Kompyuta zilikuja zote na sura zilezile: wingu, gurudumu la meno, bahasha, pipa la bati lenye mfuniko. Wazee walikaa mbele yake kama wageni waliosahauliwa sebuleni. Wengi hawakusoma. Bahasha walikuwa hawajaishika maisha yao yote. Mntambo akaanza kuwatolea sura hizo na kuwawekea za kwao. Barua ikawa mtu anayebisha hodi. Saa ikawa jogoo. Sehemu ya kurekebisha mambo ya ndani ikawa mafiga matatu. Na kapu la taka likawa chungu cha majivu, kwa sababu alikokulia yeye taka zilichomwa, na kilichochomwa kikawa majivu, habari yake imekwisha.

Kila mteja alimkalisha akamuuliza maswali matano ya nyumbani kwake. Mgeni anasimama wapi. Jua linaingilia wapi. Kitu cha heshima kinakaa wapi. Watoto wakigombana mnawatenganisha vipi. Kisichotakiwa kinatupwa wapi. Siku ya Mama Atuganile aliuliza manne. Chungu kilikuwa kimeshakwenda kwenye nyumba mia mbili na tano na hakuna aliyelalamika; akaona la tano la nini.

"Mama," alisema, "kwa nini uliziweka humu?"

Mama Atuganile alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanawekwa kwenye ndoo.

"Si ndipo pa mbegu? Maharage ya mbegu unayachagua moja moja, unayachanganya na majivu, unafunika. Fukusi hagusi. Na hufungui mpaka mvua ishuke, ukifungua fungua unaingiza wadudu. Ulipokuja ule wa mwisho mwezi wa sita, aliposema mama sasa tunazima, nikazisikiliza zote tena, mmoja mmoja. Julai nikaziweka majivuni. Miezi minne sijagusa, fundi. Kuna siku mkono uliwasha, nikaukalia." Akacheka kidogo. "Nilipoiona hii picha yako siku ile nilisema, kumbe huyu mtu wa pwani ana akili. Amejua sisi tunatunzaje."

Mntambo aliweka kikombe chini.

"Niachie mpaka kesho kutwa," alisema.

"Lakini zipo?"

"Nitaangalia, mama."

"Haya. Nalala kwa binti wa dada yangu, hapo nyuma ya soko. Nimekaa miezi minne bila kumsikia, siku mbili ni nini." Akasimama, akaigusa kompyuta kwa juu, akatoka. Kitenge alikiacha, kisije kikapigwa vumbi kitu chake.

*

Alipiga simu mnarani. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya mtu aliyeulizwa swali hilo tangu asubuhi.

"Zilitupwa na mwenyewe, tarehe tisa Julai, zote kwa mkupuo mmoja. Zikakaa siku zake thelathini. Tarehe tisa Agosti zikaondoka. Ulitaka nini zaidi, fundi?"

"Hakutupa. Alikuwa anatunza."

"Alitunza kwenye kapu la taka?"

Mntambo alikitazama kichungu cheusi pale chini ya skrini.

"Basi nisamehe, kaka. Nafasi imeshagawiwa."

Nafasi ndiyo ilikuwa kila kitu. Miaka kumi na miwili nyuma maghala matatu yaliyotunza kumbukumbu za dunia yaliungua katika kiangazi kimoja, na kilichosalia kikagawiwa kwa mgao, kama unga wakati wa njaa. Kila mtu akapewa kipimo chake. Ukitupa kitu kinakaa kapuni siku thelathini ili upate muda wa kujuta. Ya thelathini na moja kinafutwa hapo na popote penye nakala yake, na nafasi iliyobaki anapewa mtoto aliyezaliwa. Kwa hiyo mahali fulani kulikuwa na kichanga anayenyonya, amelazwa juu ya nafasi ya Lusungu, na hakuwa na kosa lolote.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho sheria haikukihesabu, kwa udogo wake. Kompyuta huchoka kuchora uso wa kila faili kila inapowashwa. Kwa hiyo huuchora mara moja, halafu huuweka kwenye kighala cha pembeni, tayari kwa siku nyingine. Faili likifutwa, uso hubaki kule mpaka mtu akumbuke kufagia, na hakuna anayekumbuka. Na uso wa ujumbe haukuchorwa ovyo. Mashine iliusikiliza ujumbe wote, ikatafuta pale msemaji alipoguswa kuliko kwingine, ikakata kipande hicho.

Mntambo aliingia kwenye kighala kupitia mlango wa mafundi. Alizikuta. Arobaini na moja, zimepangwa kwa tarehe, kila moja nukta arobaini na nane kwa arobaini na nane, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Lusungu akicheka macho yamefumba. Mkono wa Lusungu umefungwa bandeji. Kijiko kinaelea hewani. Kisogo kilichonyolewa. Sikio. Alipojaribu kuzikuza zilivunjika zikawa vigae vya rangi, na binti akapotelea humo. Alizirudisha kwenye udogo wake, naye Lusungu akarudi.

Hazikuwa na sauti.

"Mtu wa Tanga! Umekaa kama umefiwa."

Alikuwa Kiyeyeu, wa karakana ya pili, Mbena mnene anayeingia popote bila hodi. Kazi yake ilikuwa kufuma. Alikuwa na mtambo ulioitwa Mfumaji. Ukiupa sauti ya mtu sekunde saba na uso wake mmoja, unakufumia aseme utakalo, kwa pumzi yake na kikohozi chake. Watu walimwendea kabla ya harusi, marehemu baba atoe baraka.

Mntambo alimweleza yote. Kiyeyeu alisikiliza mpaka mwisho, akaziba mdomo kwa kiganja, kicheko kikamponyoka hivyohivyo.

"Majivu! Ungeniuliza mimi. Mama yangu alikuwa na vyungu vitatu vya majivu uvunguni. Mwanamume mzima, miaka hamsini na mitatu, hujui maharage yanatunzwaje? Unajua tu kuyaunga na nazi."

"Utanicheka baadaye."

"Baadaye nitakuwa na kazi." Akavuta kiti. "Nyuso zote unazo? Basi shida yako nini? Sauti ipo kwenye daftari la uandikishaji la serikali, kila mtu alilisemea jina lake. Ngapi hizo?"

"Sekunde tisa."

"Zinabaki mbili za chenji. Lete."

Haikuchukua muda wa kumenya chungwa. Walichagua ule wa bandeji. Skrini ikaingia giza kidogo, halafu Lusungu akawa amekaa pale, amevaa ovaroli la wachomeleaji, mkono ameuinua.

"Mama, kamwene. Usiogope ukiona bandeji, ni moto mdogo tu, nilikuwa nachomelea bomba nikasahau glavu. Huku baridi kama Makete ya mwezi wa saba. Nakukumbuka sana, mama. Nikila hiki chakula chao cha bomba namkumbuka yule kuku wako asiyetaga."

Mvua ilikuwa inagonga bati. 

"Kuku asiyetaga umemtoa wapi?" Mntambo aliuliza.

"Sikumtoa mimi. Mfumaji anajua nyumba za huku zina kuku wa namna hiyo. Kila nyumba ina kuku wa namna hiyo." Kiyeyeu alijipangusa mikono kama aliyetoka kula. "Kesho jioni nakupa arobaini zilizobaki. Bibi anasikiliza, anafurahi, siku yake ikifika anaondoka roho imetulia. Wewe unabaki na kibali chako. Maana unajua wakisikia."

Alijua. Fundi aliyebadilisha sura ya sehemu ya mfumo, ikampotosha mwenye kompyuta, hagusi mfumo tena maisha yake.

"Niambie nani ameumia," Kiyeyeu alisema. "Nitajie mmoja."

*

Kesho yake mchana Mntambo alifunga mlango wa karakana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akakaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe.

Juu kabisa ya skrini, peke yake, kulikuwa na ikoni ya pindo la kanga, nyekundu na nyeusi. Aliichora mwaka aliofariki mkewe, Mwanaidi. Sasa ulikuwa mwaka wa sita. Wakati ule hakuwa amebakiwa na sauti yake yoyote zaidi ya ile ya daftarini, na Kiyeyeu, kwa ujirani, alimfumia neno moja. Alilibofya kila siku kabla ya kula.

Akabofya.

"Umekula?" Mwanaidi aliuliza.

Ilikuwa sauti yake. Mtu yeyote angekubali. Dada zake Mwanaidi walikuja toka Pangani, wakasikia, wakalia.

Mntambo alifumba macho akajaribu kumsikia yule mwingine. Alijua kulikuwa na kitu. Mwanaidi alipomwita toka uani alikuwa na namna, kabla ya jina, alivuta kitu, kama pumzi, kama anacheka kwanza peke yake. Watu walikuwa wakimtania kwa hicho kitu. Alikijua kwa kukielezea, kama mtu anavyojua mji ambao hajafika. Alimweka Mwanaidi uani, akamshikisha beseni la nguo, akamgeuzia uso kwake, akamsubiri aite.

"Umekula?" Mwanaidi akasema, safi, bila pumzi.

Akajaribu tena. Ikaja ileile. Amebofya mara ngapi kwa miaka sita? Kila mara ile ya kufuma ilikuwa imesogea ndani kidogo zaidi, na ile ya kweli ikampisha, mpaka ikatoka mlango wa nyuma bila kuaga. Hakuna aliyemnyang'anya. Alikuwa akiila mwenyewe, kijiko kimoja kila siku, kabla ya chakula.

Kiyeyeu alitaka atajiwe mmoja. Basi huyo hapo.

Alikaa mpaka mvua ikakatika. Halafu akamfungulia Kiyeyeu, aliyekuwa akigonga kwa ngumi huku akitukana, akamwambia asifume nyingine.

"Utajuta."

"Nimeshajuta. Huko natokea."

*

Mama Atuganile alikuja amejipaka mafuta, amevaa gauni la kanisani.

Mntambo alikuwa amepanga maneno. Alipomwona vile alivyovaa, yote yalimtoka, akasema tu: "Mama, zimefutika. Hazirudi. Kile chungu ni cha kutupia. Kosa ni langu."

Mama Atuganile aliketi kwenye kigoda kilekile. Nje mtu alikuwa akipigia kelele mbuzi.

"Uliniuliza mgeni anasimama wapi," alisema mwishowe. "Uliniuliza jua linaingilia dirisha gani. Ulinikalisha hapa asubuhi nzima na chai ukaninunulia. Hilo moja la taka ndilo likakushinda?"

"Halikunishinda. Niliona najua."

"Uliona unajua."

"Ndiyo, mama."

Alikunja mikono mapajani. Alikuwa mtu wa milimani, hakupiga yowe. Mntambo alitamani apige.

Akamgeuzia skrini. Alikuwa ameziweka zote arobaini na moja, mstari kwa mstari kama tuta la miche, kila moja mahali pake kwa tarehe. "Hizi ndizo zimebaki. Ni nyuso tu, hazisemi."

Mama Atuganile aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akafuta. Akaweka kidole kwenye ya kwanza.

"Hii," alisema, "hii ndiyo siku ya kwanza. Alisema kitanda chake kina mikanda, analala amefungwa kama kuni. Hii kijiko, alinionyesha supu inavyoruka. Hii anacheka, nilikuwa nimemwandikisha mpwa wangu barua nikamwuliza kama ameshapata mchumba huko, akacheka akasema mama, tuko watu kumi na tisa na wote wananuka." Kidole kikasogea. "Hii bandeji. Aliungua. Alinigombeza."

"Alikugombeza?"

"Niliposikia ameungua kwenye ule uliotangulia nililia kwenye jibu langu. Yeye hapendi machozi. Akasema, mama ukinililia tena siandiki mwezi mzima. Na hakuandika kweli, yule. Ana kichwa kigumu huyo mtoto, hata neno tamu halimtoki. Ukitaka akuambie anakukumbuka utasubiri mpaka uote ndevu."

Mntambo akaondoa macho kwenye ile ya bandeji.

Kidole kilifika ya kumi na mbili, lile sikio, kikasimama.

"Hii sijui."

Akairuka. Akarudi. "Hii sijui, fundi. Ilikuwa nini hii?"

"Mimi sikuzisikia, mama."

Alikwenda mpaka mwisho. Nyingine alizitaja bila kusita, nyingine baada ya kuziangalia upande, na nyingine hazikumjibu. Mntambo alihesabu kimoyomoyo. Ishirini na sita alizijua. Kumi na tano zilinyamaza.

Ndipo alipomwambia kuhusu kufuma. Ilikuwa lazima, asingemwambia angekuwa amemchagulia kwa mara ya pili. Alimwambia kwamba kumi na tano hizo zinaweza kupewa sauti, hata zote, na kwamba hatazitofautisha na za kweli.

"Zitasema alichosema?"

"Zitasema kitu. Alichosema hakijulikani tena."

"Unayo mojawapo hapo?"

"Ninayo. Ya bandeji."

"Weka."

Mntambo akaweka. Lusungu akainua mkono. Mama, kamwene. Usiogope. Mama yake alisikiliza kichwa kimeinama, midomo ikimtembea. Nakukumbuka sana, mama. Hapo alifumba macho. Kuku alipotajwa hakucheka.

Ulipokwisha alifumbua macho.

"Ni yeye," alisema. "Sauti ni yake kabisa." Kisha akasema, "Nimelisubiri hilo neno miaka mitatu na miezi mitano, fundi."

"Najua, mama."

"Hujui. Rudia."

Akarudia. Mara hii alilitazama lile neno linavyokuja, kama mtu anayemtazama mgeni akivuka uwanja. Alipolisikia alitikisa kichwa polepole.

"Nikiisikia ya tatu nitaizoea. Halafu yule aliyenigombeza atakwenda wapi?"

Mntambo hakumwambia habari za Mwanaidi. Alikuwa ameziweka tayari, na sasa hazikuhitajika.

"Itoe humo."

"Nitaitupa." Mkono wake ulikwenda kwenye kipanya, ukafika kwenye chungu cha majivu, ukaganda. Wote wawili walikiangalia.

"Mama," Mntambo alisema. "Kwenu kitu kisichotakiwa kinatupwa wapi?"

"Sasa ndiyo unauliza."

"Sasa ndiyo nauliza."

"Kwetu hatutupi. Maganda, makombo, kilichooza, vyote anapewa nguruwe."

"Nguruwe?"

"Nguruwe. Hujawahi kumwona?"

"Nimemwona kwa mbali."

Akavuta kalamu ya kuchorea. Alichora mnyama. Mama Atuganile akasogeza uso.

"Huyo mbwa."

Akafuta, akachora mwingine.

"Masikio yaangushe. Pua iwe bapa, kama kifuniko cha chupa. Mbona amekonda hivyo? Huyo hawezi kumaliza uchafu wa nyumba. Mnenepeshe." Na alipoona jasho limemtoka fundi katika baridi ile ya Makambako, pembe moja ya mdomo wake ikapanda. "Mntambo, mtoto wa Kiislamu, unachora nguruwe."

"Nachora tu, mama. Sili."

Alipomaliza alikuwa nguruwe kweli, mweusi, ameinua pua. Chungu cha majivu akakiondoa kule chini, akakiweka juu, kwenye folda ya kutunza, mahali ambapo kingekuwa tangu mwanzo kama swali la tano lingeulizwa. Zile picha arobaini na moja akaziingiza humo mbele ya macho yake, na sekunde tisa za daftarini juu yake.

Mama Atuganile alishika kipanya mwenyewe. Alimbofya binti aliyefumwa, akamburuta taratibu kukatiza skrini yote, akamwachia juu ya nguruwe. Halafu akageuza uso, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

*

Kibali Mntambo alikirudisha mwenyewe, na maelezo aliyaandika kwa mkono wake. Aliomba wiki tatu kabla hawajakichukua, wakampa. Katika wiki hizo alipita nyumba nyingine zote mia mbili na tano alizokuwa ameziwekea chungu, milimani na mabondeni, akauliza swali la tano kwa kila mlango. Katika nyumba kumi na mbili walikuwa wametunza vitu majivuni. Saba aliwahi. Tano hakuwahi: sauti za ubatizo wa pacha, picha zote za harusi ya mtu aliyefiwa na mke, kipimo cha mpaka wa shamba, nyimbo za kwaya iliyokwisha kuvunjika, na hadithi za babu mmoja ambaye alikuwa ndiye mtu wa mwisho kuzijua na alikuwa amekwisha kufa. Nyumba mbili walimpa chakula. Moja walimfungulia mbwa.

Sasa anaruhusiwa kuchora sura za programu ndogondogo tu, za michezo na za muziki. Mfumo hagusi. Ile ikoni ya pindo la kanga ipo bado, lakini haifungui kitu. Neno alilolifuma Kiyeyeu amelifuta. Pumzi ya Mwanaidi haijarudi.

Mama Atuganile alirudi Machi, baada ya kuvuna maharage, akakaa karakanani siku mbili akazisimulia zile picha, Mntambo akamrekodi. Ukizibofya sasa, anayeongea ni mama.

Zilikuwa jumbe arobaini na moja. Zimebaki picha arobaini na moja. Ishirini na sita zina maneno aliyoyakumbuka mama. Kumi na tano zikifunguliwa hazisemi kitu. Sauti ya Lusungu mwenyewe ni sekunde tisa, na humo anataja jina lake, jina la kijiji na mwaka aliozaliwa. Miaka ya kumsubiri, kumi na minane na miezi minane.

Maharage ya mbegu mama aliyaweka majivuni, kama kawaida.